Upendeleo na ubaguzi kazini: mfanyakazi anaweza kudai nini, wapi, na kwa muda gani

Iwe Goma, Bukavu, Bunia, Butembo, Kalemie ao Kindu, neno hili linasikika kila siku: «Kazi iko na wenyewe.» Kijana anapeleka dosie, anafanya mtihani vizuri, kisha anasikia kwamba nafasi amepewa shemeji ya shefu. Mwengine anafanya kazi miaka saba, na yule kijana aliyemfundisha kazi mwaka jana njo sasa anamupa amri. Mama anarudi kutoka likizo ya uzazi, anakuta meza yake imekaliwa na mtu mwengine, na hakuna anayemueleza kitu.

Watu wananung'unika juu ya moto, sokoni, kwenye ngoma za harusi. Wachache tu wanafika mahali ambapo manung'uniko yao yanaweza kuandikwa na kusikilizwa. Sababu moja ni woga wa kupoteza hata ile kazi kidogo iliyoko. Sababu ya pili ni kwamba wengi hawajui kutenganisha upendeleo unaoumiza roho na upendeleo unaovunja sheria. Ule wa kwanza unazungumziwa ndani ya kazi. Ule wa pili una buro yake, una hatua zake, na una tarehe ya mwisho.

Upendeleo gani unavunja sheria?

Shefu anayechekea watu wawili tu kila asubuhi hajavunja sheria yoyote. Mwenye duka anayemuweka mtoto wake kwenye kasa hajavunja sheria, kwa sababu duka ni lake. Hata kumpa mmoja mshahara mkubwa kuliko mwengine si ubaguzi ikiwa kazi zao si sawa. Dereva wa gari dogo hawezi kudai malipo ya dereva wa remorque mwenye uzoefu wa miaka kumi.

Mambo yanabadilika pale ambapo upendeleo kwa mmoja unamnyanganya mwengine haki yake. Mfano: madereva wawili wa depo moja wanaendesha magari ya aina moja, saa zilezile, kwa ufundi uleule na matokeo yaleyale, lakini mmoja analipwa pungufu kwa sababu «si wa kwetu». Hapo sheria imeguswa. Kifungu cha 86 cha Sheria ya kazi, ile inayoitwa Code du travail, kinasema kwamba kazi ikiwa sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa, mshahara unapaswa kuwa sawa, bila kuangalia asili ya mtu, jinsia yake wala umri wake.

Kabla ya kwenda kulalamika, ni vizuri mfanyakazi ajiulize maswali matatu. Nimepoteza kitu gani: mshahara, kontra, likizo, cheo, ao kazi yenyewe? Nimekipoteza kwa sababu gani? Na nani mwengine, mwenye hali sawa na yangu, ametendewa tofauti? Anayeweza kujibu maswali hayo kwa tarehe na kwa karatasi, ana malalamiko ya kupeleka. Asiyeweza kujibu, bado ana uchungu tu, na uchungu peke yake hakuna buro inayoupokea.

Sheria inasimama upande gani?

Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha 36, inakataza mtu kuumizwa katika kazi yake kwa sababu ya asili, jinsia, maoni, imani ao hali yake ya maisha. Congo pia ilitia sahihi juu ya mapatano namba 111 ya Shirika la Kazi Duniani, yale yanayokataza ubaguzi katika kazi, na ikayathibitisha katika mwaka wa 2001.

Sheria yenyewe ya kazi ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa katika Julai 2016. Kifungu chake cha 62 njo kinamhusu sana mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa. Kinasema kwamba mwenye kontra isiyo na mwisho hawezi kufukuzwa bila sababu ya kweli: uwezo wake, mwenendo wake, ao mahitaji ya kampuni. Halafu kinataja sababu ambazo haziwezi kukubaliwa hata kidogo: kuwa memba wa sendika, kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri, rangi, jinsia, kuwa na ndoa ao kutokuwa nayo, majukumu ya familia, mimba, kuzaa, dini, maoni ya kisiasa, asili, ao kabila.

Neno moja hapo wengi hawalijui: kupeleka malalamiko. Mfanyakazi aliyekwenda kwa inspekta wa kazi hawezi kufukuzwa kwa sababu alikwenda. Akifukuzwa kwa sababu hiyo, mwajiri ameongeza kosa juu ya kosa.

Mtu akifukuzwa bila sababu ya kweli, tribunali inaweza kuagiza arudishwe kazini. Asiporudishwa, analipwa fidia, ambayo kwa kifungu cha 63 haiwezi kupita miezi 36 ya mshahara wake wa mwisho. Hii ni tofauti na preavisi. Preavisi ni ule muda ambao mwajiri anapaswa kumupa mfanyakazi kabla ya kumuachisha: siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi zinaongezwa kwa kila mwaka mzima aliotumika. Aliyefanya kazi miaka mitano anahesabu 14, anaongeza 35, anapata siku 49 za kazi. Kuachishwa kunapaswa kuandikwa, pamoja na sababu yake. «Kesho usirudi» iliyosemwa kwa mdomo haitoshi.

Kwa wanawake, sheria inasema wazi kwamba uzazi hauwezi kuwa sababu ya ubaguzi. Mwanamke anayeomba kazi hawezi kulazimishwa apime mimba, isipokuwa kwa kazi ambazo zimekatazwa kwa mwanamke mwenye mimba ao zinazoweza kumdhuru yeye ao mtoto. Likizo ya uzazi ni wiki 14, na kumfukuza mama kwa sababu yuko katika likizo hiyo si sababu inayokubaliwa.

Pale mlangoni, kabla ya kontra

Upendeleo mwingi unatokea kabla mtu hajaingia kazini, na hapo njo ni vigumu zaidi kuushika, kwa sababu aliyenyimwa nafasi hana kontra mkononi. Tangazo linabandikwa siku ya Ijumaa, kisha muda unafungwa Jumatatu. Ao jina limekwisha kuchaguliwa na mtihani ni wa kuonyesha tu. Ao mwenye kuajiri anadai «opération retour», yaani aliyepata kazi arudishe sehemu ya mshahara wake kila mwezi kwa yule aliyemuingiza.

Majimbo ya mashariki yalipata somo kali wakati wa ugonjwa wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, katika Kivu Kaskazini na Ituri. Riposte ilileta kazi nyingi za ghafula: madereva, wasafishaji, walinzi, wahamasishaji. Wakaaji walilalamika kwamba nafasi zinakwenda kwa watu waliotoka mbali ao kwa ndugu za wakubwa, na hasira hiyo ilichangia watu kuiangalia Riposte kwa mashaka. Halafu likatoka jambo zito kuliko hilo. Tume huru iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, ilitoa ripoti yake katika Septemba 2021. Ripoti ilitaja watu 83 walioshukiwa kuwatendea wanawake unyanyasaji wa kingono, kati yao 21 wakiwa wafanyakazi wa OMS. Wanawake wengi walieleza kwamba waliahidiwa kazi, ao waliambiwa kwamba watabaki kazini, kwa masharti ya kulala na mwanaume mwenye mamlaka.

Hilo si upendeleo tena, ni kosa la jinai. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu mtu anayetumia mamlaka yake ya kazi kwa kumshurutisha mwengine kingono. Adhabu ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12, pamoja na amande. Malalamiko kama hayo yanapelekwa kwa polisi ya mahakama ao kwa parquet, hayangojei inspekta wa kazi. Na kama aliyetendewa yuko tayari na kontra, Sheria ya kazi inahesabu unyanyasaji huo kuwa kosa zito la mwajiri: mfanyakazi anaweza kuvunja kontra palepale na bado akadai haki zake.

Kwa kazi za ONG kuna mlango mwengine. Mashirika mengi yana kanuni zao za mwenendo, na mara nyingi ni kali kupita sheria ya nchi. Zinadai kwamba mwenye kuajiri atangaze kama kati ya waombaji kuna ndugu yake, halafu ajiondoe katika uchaguzi. Mashirika hayo yana pia namba ya simu ya bure ao anwani ya malalamiko, na wale wanaoipokea wako nje ya buro ya pale mtaani. Malalamiko yanayotaja namba ya tangazo, tarehe ya mtihani na jina la nafasi yanafuatiliwa kwa urahisi kuliko ujumbe unaosema tu «hapa kuna undugu».

Wale wa siku na wale wa kontra fupi

Katika depo, mashamba, chantier na viwanda vidogo, watu wengi wanafanya kazi kama journaliers. Shefu anawachagua asubuhi pale mlangoni: wewe ingia, wewe rudi nyumbani. Anayebishana leo, kesho hachaguliwi. Hapo upendeleo unakuwa kamba shingoni.

Lakini sheria imeweka mpaka. Mtu wa siku akishamaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili kwa mwajiri mmoja, kisha akachukuliwa tena kabla ya ile miezi miwili kuisha, sheria inamuhesabu kuwa ana kontra isiyo na mwisho. Kwa hiyo daftari ndogo ya kuandika kila siku ya kazi, saa ya kuingia na pesa iliyopokelewa, inaweza kuwa na bei kubwa siku moja.

Kontra ya muda maalum nayo haipaswi kupita miaka miwili, na kwa kawaida inaweza kufanywa upya mara moja tu, isipokuwa kwa kazi za msimu na kazi chache nyingine. Mwajiri anayempa mtu kontra ya miezi mitatu-mitatu kwa miaka minne, huku wapendwa wake wakipewa kontra isiyo na mwisho, anapaswa kujua kwamba sheria inaweza kuzihesabu zile karatasi fupi zote kuwa kontra moja isiyo na mwisho. Na aliyefanya kazi bila kontra ya kuandikwa hajapoteza haki: anaweza kuonyesha kazi yake kwa njia yoyote, kama vile mashahidi, ujumbe wa simu, karatasi ya malipo ao kadi ya kazi.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kuandika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya kazi ni vilevile. Kila tukio liandikwe siku hiyohiyo: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, walioshuhudia. Kontra, karatasi za mshahara, ratiba na barua zipigwe picha na zihifadhiwe nje ya kazi, kwa sababu aliyefukuzwa mara nyingi haruhusiwi kurudi kuchukua vitu vyake. Lakini mfanyakazi asichukue siri za kampuni ao dosie za wengine, kwa maana hapo anampa mwajiri sababu ya kumshitaki yeye.

Hatua ya pili ni kuzungumza na mkubwa wake kwa heshima, kisha kuthibitisha kwa barua. Barua iwe fupi. Iseme jambo moja, tarehe zake, na kile kinachoombwa. «Naomba kuelezwa sababu ya tofauti ya mshahara kati ya kazi yangu na kazi ya wenzangu wa cheo kimoja» ni maneno yenye nguvu kuliko «Shefu ananichukia». Kopi moja ipigwe muhuri ao itiwe sahihi na aliyeipokea, pamoja na tarehe. Wakikataa kuipokea, itumwe kwa njia inayotoa uthibitisho wa kupokelewa.

Hatua ya tatu ni délégué syndical, pale alipo. Yeye amechaguliwa na wafanyakazi, na sheria inamlinda: mwajiri hawezi kumfukuza ovyo bila inspekta wa kazi kuangalia dosie yake. Ndiyo maana neno zito linapita vizuri kwa kinywa chake kuliko kwa kinywa cha mtu mmoja. Na ikiwa wengi wameguswa na jambo lilelile, waandike pamoja.

Hatua ya nne ni Inspection du travail, buro ya serikali inayosimamia kazi. Hatua hii hairukwi. Tribunali haipokei mashitaka ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri kama hayajapita kwanza kwa inspekta ili ajaribu kuwapatanisha. Inspekta anawaita wote wawili, anawasikiliza, anaandika PV. Wakipatana, PV inaeleza waliyokubaliana. Wasipopatana, anaandika PV ya kutopatana, na karatasi hiyo njo ufunguo wa tribunali.

Hatua ya tano ni Tribunal du travail. Pale ambapo tribunali hiyo haijawekwa, kesi inapelekwa kwa Tribunal de grande instance. Katika tribunali ya kazi, hakimu anakaa pamoja na wasaidizi wawili, mmoja wa upande wa waajiri na mwengine wa upande wa wafanyakazi.

Saa inayotembea

Kesi nyingi zinakufa kwa sababu ya kuchelewa. Madai ya mshahara yanazimika baada ya mwaka 1 tangu siku ambayo ulipaswa kulipwa. Madai mengine yanayotokana na kontra, kama kufukuzwa bila sababu, yanazimika baada ya miaka 3. Mfanyakazi anayengoja miaka miwili akitumaini shefu atabadilika, amekwisha kupoteza tofauti ya mshahara ya ule mwaka wa kwanza.

Kuna njia ya kusimamisha saa hiyo: kupeleka malalamiko kwa inspekta wa kazi, ao kumwandikia mwajiri barua ya recommandé yenye accusé de réception. Hilo ni la maana sana katika miji na territoires ambako vita imevunja kazi za serikali na tribunali haikai. Pale ambapo mlango umefungwa, barua na uthibitisho wake vinabaki kuwa ushahidi kwamba mfanyakazi hakulala.

Siku ya kutoka nayo ina mitego yake. Pesa zote zinazobaki zinapaswa kulipwa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kontra kuisha, na mfanyakazi anapaswa kupewa cheti kinachoonyesha kazi aliyofanya, tangu lini hadi lini. Mwajiri haruhusiwi kuandika ndani yake maneno ya kumchafua. Na aliyetia sahihi kwenye karatasi ya «pour solde de tout compte» akiwa na njaa ya siku hiyo, asikate tamaa: sahihi hiyo haimzuii kudai kilichobaki.

Wafanyakazi wa serikali na walimu

Wafanyakazi wa kudumu wa serikali hawafuati Sheria ya kazi. Wao wana sheria yao, namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, ambayo inasema kwamba watu wanaingia kazini kwa mashindano. Aliyerukwa katika cheo ao aliyeadhibiwa kwa uonevu anaanza kwa kuandikia mkubwa wa juu, kisha anaweza kwenda kwa mahakama za utawala, si kwa inspekta wa kazi.

Walimu wanajua upande mwengine wa shida hii. Wale wanaoitwa nouvelles unités wamefundisha miaka mingi bila mshahara wa serikali, huku wakisikia majina ya watu wasiojulikana shuleni yakiingia kwenye listi ya malipo. Na tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure katika 2019, ile posho ya wazazi iliyowasaidia imekatika. Kwao, kopi ya barua ya kuteuliwa, karatasi ya kuanza kazi na ripoti za inspekta wa shule ni silaha ya kwanza, na sendika ya walimu ni njia yenye nguvu kuliko mtu kwenda Kinshasa peke yake na bahasha.

Neno juu ya kabila

Katika majimbo haya, malalamiko ya kazi yanageuka haraka kuwa malalamiko ya kabila. Shefu akiajiri watu watatu wa lugha yake, kesho yake ujumbe unazunguka kwenye WhatsApp ukitaja jamii nzima. Hapo mfanyakazi aliyeonewa anapoteza mara mbili. Malalamiko yake yanaingia katika ugomvi usio wake, na yeye mwenyewe anaweza kushitakiwa kwa kuchochea chuki. Kama ubaguzi wa kabila upo kweli, unaonyeshwa kwa tendo: nani alikuwa na diploma gani, nani alipata alama gani, nani alichukuliwa, na mwenye kuamua alikuwa nani. Aliyeamua ana jina na cheo. Kabila lake halikukaa pale mezani siku ya mtihani.

Wakubwa wa kazi nao wanaweza kuzima moto huu mapema. Tangazo likae wazi siku za kutosha, alama za mtihani zibandikwe, mwenye ndugu kati ya waombaji atoke nje ya chumba, na anayenyimwa cheo aelezwe sababu kwa maandishi. Hayo hayaombi bajeti. Na siku mwajiri atakapoitwa kwa inspekta, karatasi hizo njo zitakazomtetea yeye pia.